Sista Saru na Mwaka Wangu wa Kwanza Leba

Tulimzika Sista Saru Alhamisi iliyopita, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya Wundanyi, mahali ambapo kaburi hukingwa kwa mawe upande wa chini ili udongo usiporomoke. Ukungu ulikuwa haujaondoka tulipoanza, na mpwa wake, aliyesoma habari za maisha yake, alilazimika kuikausha miwani mara mbili kwa shati. Alisoma vizuri. Alitaja miaka yake ya hospitali ya Voi, wauguzi aliowafunza, watoto aliowapokea, kisha akafika mahali paliposema kwamba Sista Saru aliomba mwenyewe kupelekwa Njukini, akawatumikie akina mama wa kule mpakani. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nikatazama viatu vyangu. Hakuomba. Alipelekwa, na alipelekwa kwa sababu yangu. Kati ya watu wote waliokaa kwenye viti vile vya plastiki, tuliojua hivyo tulikuwa wawili tu, mimi na Rehema, muuguzi mwenzangu wa siku hizo, naye alinishika mkono akaubana mpaka kusoma kukaisha.

Sikusimama kumsahihisha mpwa wake. Mazishini si mahali pa kusahihishana. Nilirudi kwangu Mwatate nikakaa siku mbili bila kupika chochote cha maana, nikila mkate na chai, ndipo nikaona ni afadhali niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa. Habari za kwetu, nilikozaliwa na nilivyofika kwenye uuguzi, naziacha. Mwaka ninaousema ulianza siku niliyopangwa wodi ya wazazi ya hospitali ya Voi, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti changu kikiwa bado kinanukia wino. Nilijua majina ya mifupa yote ya nyonga, lakini mama akiugua uchungu mbele yangu nilikuwa sijui niweke mikono wapi.

Wodi ilikuwa na vyumba vinne kwenye korido moja. Cha kwanza walikaa waliokuwa wakisubiri. Cha pili ndicho leba yenyewe, chumba cha kujifungulia, vitanda viwili vilivyotenganishwa kwa pazia la kijani, na meza moja ya ukutani yenye hita ya kumpasha mtoto joto. Cha tatu walilala waliokwisha kujifungua. Cha nne kilikuwa stoo zamani, nacho Sista Saru alikigeuza darasa. Madirisha yote yalitazama upande wa reli, na kiangazi kikikolea vumbi jekundu liliingia hata yakiwa yamefungwa, tukawa tunakung'uta mashuka asubuhi na mchana. Maji tulikuwa nayo kwenye mapipa. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vililia kwenye sinia, na akina mama waliokuwa katikati ya uchungu walinyamaza kidogo, kana kwamba nao wanaisubiri ipite.

Sista Saru alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono midogo kama ya mtoto wa shule, na mikono hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe. Aliipasha joto kwapani kabla ya kumgusa mama. Tulikuwa wageni wawili chini yake, mimi na Rehema, msichana wa Voi mjini mwenye Kiswahili cha nyumbani kwao kilichonyooka, ambaye Sista Saru alipenda kumtuma kuzungumza na wagonjwa waoga. Darasani alikuwa na mwanasesere wa plastiki aliyemnunua mitumba, jicho moja halifumbi, na juu ya huyo ndiko tulikojifunza kila kitu. "Mtoto ametoka. Halii. Unafanya nini?" Namkausha, Sista. "Umemkausha. Bado halii." Namsugua mgongo. "Bado." Naangalia njia ya hewa. "Umeangalia, bado, na dakika yako inakwisha. Mbona unaniangalia mimi? Mimi si mtoto!" Hapo ndipo ulipotakiwa uwe umeshika ambu, ule mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo ya kufunika mdomo na pua, uanze kumsukumia hewa taratibu, kifua kikiinuka na kushuka. Ukiminya kwa nguvu alikupiga kofi la kiganjani. Ukiminya kwa woga alikupiga pia. "Pafu la mtoto ni kama ua la boga," alisema. "Huwezi kulifungua kwa hasira, na ukiliogopa halifunguki."

Saa nne tulikunywa chai kwenye kile kile chumba cha darasa, kwa kuwa kilikuwa na kivuli. Sista Saru alileta kimanga kutoka kwake, mihogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja mpaka vikashikana, akikikata kwa kijiko kama keki na kutugawia bila kutuuliza kama tuna njaa. Ukuta kati yetu na chumba cha kusubiri ulikuwa wa mbao tu, na mengi niliyoyajua kuhusu kazi yangu niliyasikia kupitia ukuta huo nikiwa na kimanga mdomoni. Siku moja tulimsikia mama mmoja akimshauri mwenzake aliyefika asubuhi ile. "Yule mfupi ndiye mzuri. Wale wasichana wawili wakikuja waambie hujaanza kusikia uchungu, wasikuguse." Rehema alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Sista Saru hakucheka. Alisema, "Anasema kweli. Mpaka mwisho wa mwaka nataka waseme wale watatu."

Na kwa muda ilionekana tutafika. Mtoto wa kwanza niliyempokea kwa mikono yangu alikuwa wa mama kutoka mashamba ya mkonge, mama wa watoto watano, ambaye kwa kweli alinifunza yeye, akiniambia sasa shika hapa, sasa ngoja. Mtoto aliteleza akaingia mikononi mwangu akiwa tayari anapiga kelele, nami nikaanza kulia pamoja naye. "Lia baadaye," Sista Saru akaniambia kutoka nyuma yangu. "Kondo bado halijatoka." Kufika mwezi wa sita nilikuwa nasikiliza moyo wa mtoto tumboni nikaujua mzuri na mbaya. Kufika mwezi wa saba Sista Saru alianza kukaa kwenye kiti cha pembeni na kuniacha nifanye. Nilijiona nimeiva. Nikiyatazama leo, naona ubaya ulianzia hapo hapo.

Leba ilikuwa na ambu mbili. Moja ilipasuka, na ya kuchukua mahali pake iliagizwa kwa barua ambazo hazikupata jibu. Ikabaki moja, iliyokaa juu ya ile meza yenye hita, upande wa kulia. Ya darasani nayo ilikuwa imelegea haisukumi hewa, kwa hiyo Sista Saru aliniruhusu kuazima ile ya leba nikifanya mazoezi, pale tu ambapo hakuna mama aliyekaribia kujifungua. "Ikitoka hapa," aliniambia, "wewe uliyeitoa ndiye unayeirudisha. Si Rehema, si mimi. Wewe." Nilisema ndiyo, Sista. Niliiazima na kuirudisha mara nyingi sana, na labda ndiyo maana siku ile sikuiona kama jambo.

Siku ile tulikuwa na mama mmoja tu aliyekuwa akisubiri, Mwende, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Maungu, mimba ya kwanza. Mama mkwe wake alikuwa nje kwenye benchi na chupa ya uji. Saa sita Sista Saru alimpima akasema bado ana saa kadhaa. Nikachukua ambu, nikaenda darasani na Rehema, tukafanya mazoezi juu ya mwanasesere mpaka saa saba. Chakula kikaja, ugali na mchicha. Nilikuwa na njaa. Niliiweka ambu kwenye sanduku la mwanasesere ili nile kwanza, na nilipomaliza kula mama mmoja wa chumba cha tatu aliniita kwa kuwa mtoto wake alikataa ziwa. Nikaenda. Rehema akafunga darasa kwa ufunguo kama tulivyoagizwa kila mara, akautia ufunguo mfukoni, akaenda maabara kupeleka damu.

Mwende hakuchukua saa kadhaa. Saa tisa kasorobo alipiga ukelele tukamkuta anasukuma. Moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kwenda polepole. Sista Saru aliusikiliza, akaninyooshea ile koni ya kusikilizia niusikilize na mimi, tukatazamana. "Sasa mama, tusukume kweli," akamwambia, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu akaribie chai. Mwende alisukuma kwa nguvu zake zote. Mtoto alitoka amezungushwa kitovu shingoni mara mbili, mweupe, mlegevu, wa kiume. Sista Saru alikifungua kitovu, akakikata, akamkausha huku anamkimbiza mezani, akamsugua mgongo, na mkono wake wa kulia ukaenda pembeni bila yeye kutazama, kama mkono unavyoenda kwenye swichi ya taa nyumbani kwako. Ukapapasa. Ukapapasa tena.

"Ambu iko wapi?"

Nilikimbia. Korido ile naijua kwa hatua, ni hatua ishirini na mbili, na mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Niliutikisa. Niliita Rehema, nikakimbia maabara, hatukukutana kwa kuwa alirudi kwa nje, nikarudi, nikamkuta mlangoni akisema, "Kuna nini? Wakesho, kuna nini?" na vidole vyake vikashindwa kuingiza ufunguo. Nilipofika leba, Sista Saru alikuwa ameinama juu ya mtoto, anampulizia kwa mdomo wake mwenyewe kupitia kitambaa. Alipokea ambu bila kunitazama. Tuliendelea muda mrefu. Kifua kilikuwa kinainuka na kushuka vizuri kabisa, kama tulivyofunzwa, na mimi nilikuwa na kidole kwenye shina la kitovu nikitafuta moyo, na kwa kitambo niliusikia, au nilitaka kuusikia, kisha sikuusikia tena. Nyuma ya pazia Mwende alikuwa anauliza, "Mbona halii? Sista, mbona halii?"

Kama ambu ingekuwa mezani, mtoto yule angeishi? Nimejiuliza hilo kwa miaka yote ya kazi. Nimepokea watoto waliokuja wabaya kuliko yule wakaishi, na wengine waliokuja wazuri kuliko yule wakafa kila kitu kikiwa mahali pake. Sijui. Ninachojua ni kwamba alikuwa na haki ya dakika ile, na dakika ile niliiacha kwenye sanduku nikaenda kula.

Nilimsafisha mwenyewe na kumfunga kwenye kitambaa. Siku hizo mama hakuonyeshwa mtoto aliyekufa. Tuliamini kwamba kumficha ni kumsaidia asahau. Mume wake alifika jioni akiwa na nguo za dereva wa lori, akatia sahihi, na mtoto akaachiwa hospitali imzike. Mwende aliondoka siku ya pili akitembea upande upande, ameshikwa na mama mkwe, maziwa yamemlowesha gauni.

Mkutano ulifanyika wiki iliyofuata kwenye ofisi ya msimamizi mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nililikariri neno lenyewe njia nzima: niliitoa mimi, sikuirudisha. Msimamizi akauliza, "Vifaa vya leba viko chini ya nani?" Nami nikafungua mdomo, na Sista Saru akasema, "Viko chini ya msimamizi wa zamu. Msimamizi wa zamu nilikuwa mimi." Akaulizwa kama kuna mwingine aliyehusika. Akasema hakuna. Alinigeukia mara moja tu. Nikafunga mdomo. Nimesikia watu wakisema mtu hunyamaza kwa kukosa nafasi. Mimi nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na kimya kirefu pale, saa ya ukutani inapiga, kila mtu anatazama karatasi zake, nami nikaiacha ipite.

Nilimfuata kwenye chumba cha mashuka, nikaanza kulia. Alikuwa anakunja, hakuacha kukunja. "Ukifukuzwa leo utaenda kufanya nini? Utauza nyanya Mwatate?" akaniuliza. "Kuuza nyanya si vibaya. Lakini hiyo mikono nimeifunza mimi, na sitaki iende kupanga nyanya." Nikamwambia nisamehe, Sista. Hapo ndipo alipoacha kukunja, na uso aliouonyesha sikuwa nimewahi kuuona. Alikuwa na hasira. "Usiniletee mimi machozi," akasema. "Msamaha hauko kwangu. Mwenyewe yuko Maungu." Akachukua mashuka yake akatoka, na kwa wiki tatu alizobakisha Voi hakunipa tena kimanga. Alimkatia Rehema, akamkatia mfagiaji, kisha akafunika bakuli. Alinifunza kila siku kama kawaida, akinirudisha kwenye mwanasesere mara kumi, mara ishirini, mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha barua yake ya uhamisho ikaja, zahanati ya Njukini, kule kwenye mahindi na mpaka, mbali na wodi aliyoijenga. Alikaa huko mpaka alipostaafu.

Baadaye, mwishoni mwa mwaka ule, niliandika barua nikaeleza ukweli wote na kuipeleka ofisini kwa mkono wangu. Karani aliipokea, akaigonga mhuri, akaiweka kwenye faili. Sikuitwa. Hakuna aliyenijibu, na Sista Saru hakurudishwa. Nilimtembelea Njukini mara kadhaa kwa miaka iliyofuata. Alinipikia, akanionyesha bustani yake ya maharagwe, akaniuliza habari za wodi, na jambo lile hakulitaja hata mara moja. Sijui kama alisikia habari za barua. Sikuwa na moyo wa kumuuliza, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Maungu nilikwenda kabla ya barua hiyo, miezi miwili baada ya mtoto. Nilikuwa nimepanga kwenda kila siku yangu ya mapumziko, na kila ilipofika nilipata nguo za kufua. Nilifika saa tano asubuhi. Malori yalikuwa yameegeshwa kandokando ya barabara kuu, joto linapanda kutoka kwenye lami, na mwanamke aliyekuwa anauza ndizi akanionyesha nyumba, ya pili nyuma ya kibanda cha kuziba magurudumu. Mwende alikuwa ndani anachambua kunde kwenye ungo. Alinitambua nikiwa bado mlangoni. Alinikaribisha kwa adabu, akaniwekea kigoda, akanitilia chai kutoka kwenye chupa, na mimi nikaishika ile chai bila kuinywa. Chumba kilikuwa safi sana. Kwenye msumari ukutani palining'inia mfuko wa nailoni wenye nguo ndogo za sufu, za rangi ya maziwa, bado zimekunjwa.

Nilimwambia. Sikumwambia kwa mpango mzuri. Nilianza na ambu ni nini, nikaeleza inavyofanya kazi, nikamwambia mimi ndiye niliyeitoa pale mezani, na kwamba nilikuwa nakula. Alisikiliza akiwa ameshika ungo kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo si Sista mfupi," akasema.

"Si yeye. Ni mimi."

"Na ungekuwa hujaenda kula, angelia?"

"Sijui, Mwende. Pengine. Sijui."

Nje mtu alikuwa anagonga chuma kwenye gurudumu, anagonga na kupumzika, anagonga na kupumzika. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Toka nyumbani kwangu."

Nikaweka kikombe chini, nikatoka. Mama mkwe wake alikuwa uani anafua, akaniangalia na povu mpaka kwenye viwiko, asielewe mbona mgeni anaondoka mapema hivyo. Nilikuwa nimeshapita kamba ya nguo, nalia bila sauti, nikasikia ninaitwa.

"Sista."

Mwende alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Nani alimshika mwisho?"

"Mimi. Nilimsafisha mimi, nikamfunga mimi."

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Mimi hawakunionyesha," akasema. "Hata yeye," akimaanisha mama mkwe. "Tulienda nyumbani hivyo tu. Nikilala namtafuta sura, sipati. Nampa sura ya mtoto wa dada yangu." Akajisogeza kando ya mlango. "Kuja. Kaa. Niambie alikuwa aje."

Nikarudi kwenye kile kigoda. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, nyeusi tii, zimeshuka mpaka karibu na nyusi. Nikamwambia sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu, vile watoto wanavyolalia tumboni, na kwamba lingejinyoosha. Vidole virefu, kucha zimevuka ncha. Kidevu kimegawanyika katikati kidogo. Akagusa kidevu chake mwenyewe, hakuna kitu pale, akasema, "Hicho ni cha baba yake." Nikamwambia nilimwosha kwa maji ya moto, si ya baridi, na nikamfunika kichwa. Alisikiliza akiwa ameinama mbele, macho yamenikazia kwenye mdomo, na machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba. Nilipomaliza akageukia mlango akaita kwa nguvu, "Mama! Mama, wacha hizo nguo, kuja usikie." Mama mkwe akaingia akijipangusa mikono kwenye leso, akaketi kitandani karibu naye.

"Sema tena, Sista," Mwende akaniambia. "Anza na nywele."

Nikaanza na nywele.